Kreti Inarudi, Kopo Linabaki

Juzi jua la saa nane lilinikamata Kirumba, hapa Mwanza, nikaingia duka moja karibu na njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni. Nikaagiza soda ya chupa, nikalipa, nikageuka kuondoka nayo. "Kaka, chupa!" Mwenye duka alikuwa ameshaunyoosha mkono. Nikamwambia nina haraka. "Basi acha hela ya chupa." Nikaacha. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa amenunua maji ya kopo la plastiki, akatoka bila kuulizwa na mtu. Kabla sijamaliza soda yangu, kopo lake lilikuwa mtaroni.

Sina ubora wowote kumzidi yule kijana. Ningenunua maji kama yeye, sina hakika ningelibeba kopo tupu mpaka nyumbani Nyegezi. Tofauti yetu ni kwamba chupa yangu ilikuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe alishapanga itarudije hata kabla sijaifungua. Kopo la mwenzangu lilikuwa na jina la kiwanda, lakini mwenyewe hakuwa nalo tena tangu lilipotoka getini.

Nataka kuzungumzia mpango huo wa kurudi, kwa sababu Mwanza tunapojadili taka tunaanzia mwisho. Tunaanzia mtaroni, tunaanzia dampo la Buhongwa, tunaanzia Mto Mirongo siku mvua kubwa imenyesha na makopo yanashuka kwenda ziwani kama kundi la bata. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunashika fagio na reki, tunapiga picha, tunarudi kuoga. Wiki mbili baadaye mtaro ni ule ule. Sidharau fagio. Ila fagio hukutana na kopo baada ya maamuzi yote kuhusu kopo hilo kufanyika: rangi yake, kizibo chake, gundi yake, na lori lililolileta likaondoka tupu.

Tazama kwanza kreti. Inatoka kiwandani na chupa 24. Mwenye duka la jumla haipati mpaka ashushe kreti nyingine yenye chupa tupu, au alipie chupa. Naye hampi mwenye duka la rejareja mpaka huyu alete tupu. Na mwenye duka la rejareja, kama mlivyomwona, hamwachii hata mwandishi mwenye haraka. Kila mmoja katika mnyororo huo ameshikiwa hela na aliye nyuma yake, kwa hiyo kila mmoja anakuwa mlinzi wa chupa bila semina wala bango. Tulipokuwa watoto ukitumwa soda ulikwenda na chupa mkononi, na ukiivunja njiani hukufikiria mazingira, ulifikiria mama atasema nini. Mpaka leo ukisimama bandarini utaona kreti tupu zikishuka kutoka meli na boti za Nansio, kisiwani Ukerewe, zimepandana na viroba vya dagaa. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, lori la soda la Sengerema haliingoji pantoni, na kreti tupu nazo zinarudi kwa njia hiyo hiyo.

Sasa tazama chupa yenyewe, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Jina la soda limechapwa juu ya kioo, hakuna karatasi ya kubandua. Kioo ni kinene, kinavumilia kuoshwa kwa maji ya moto na dawa kali ya caustic soda mara nyingi kabla hakijastaafu. Umbo ni moja, kreti ni moja, hivyo chupa iliyonywewa kisiwani Ukara inaingia kwenye tundu lile lile la kreti iliyotoka Igoma, hapa mjini. Kizibo ni cha bati, kinang'olewa mara moja na hakirudi (ingawa hicho nacho kina kazi, muulize mcheza drafti yeyote wa kijiweni). Aliyeichora chupa hiyo alikuwa na safari ya kurudi akilini. Pengine hakuwaza mazingira hata kidogo. Aliwaza kwamba kioo ni ghali.

Haya, nisije nikaonekana nalilia enzi zilizopita. Kioo ni kizito, na lori linachoma dizeli nyingi kubeba chupa kuliko kubeba soda. Kinavunjika. Kukiosha kunataka maji, moto na dawa. Mwenye kibanda kwenye kisiwa cha wavuvi anapenda plastiki kwa sababu haidai hela ya chupa, na mvuvi anaipenda kwa sababu anaingia nayo kwenye mtumbwi usiku bila hofu. Plastiki ilishinda kwa sababu za maana. Kilichotokea ni kwamba tulipobadili chupa tuliutupa pia mnyororo wa kuirudisha, kana kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja.

Nilikwenda kwenye uwanja mmoja wa wanunuzi wa makopo, upande wa Mabatini, kuona kinachofanyika badala ya mnyororo huo. Kuna mizani ya kuning'iniza, kuna milima ya viroba, na chini ya turubai kuna mama mmoja wa makamo aliyekaa kwenye ndoo, kisu mkononi. Mbele yake marundo matatu. Nikamuuliza kwa nini ya kijani ameiweka kando.

"Hiyo ya rangi hailali na nyeupe, mwanangu. Ukizichanganya, mzee wa mizani anakukata."

Yeye anasema nyeupe, maana yake isiyo na rangi, ile unayoona mkono wako upande wa pili. Hiyo ndiyo yenye bei. Sababu ni rahisi: plastiki ya chupa, ambayo wenye viwanda huiita PET na ambayo chini ya chupa ina namba 1 ndani ya pembetatu, ikiwa nyeupe inaweza kugeuzwa kitu chochote, hata chupa nyingine. Ikiwa ya kijani itakuwa ya kijani au nyeusi siku zote. Hakuna sabuni ya kutoa rangi hiyo. Kwa hiyo mtu mmoja wa masoko akisema chupa ya kijani inavutia zaidi kwenye rafu, ameshapunguza kipato cha mama huyu bila kumjua. Na si jambo lisilobadilika. Agosti 2022 Coca-Cola ilianza kuuza Sprite katika chupa nyeupe Marekani Kaskazini, baada ya kijani cha zaidi ya miaka 60, na sababu iliyotajwa ilikuwa hiyo hiyo ya mama wa Mabatini.

Kisu chake kina kazi tatu. Anakata lebo, anafungua kizibo, anang'oa ile pete inayobaki shingoni. Kizibo hutengenezwa kwa plastiki nyingine, namba 2 au namba 5. Hapo kuna akili kidogo, kwa sababu plastiki hizo ni nyepesi kuliko maji na ya chupa ni nzito. Ukizisaga pamoja ukazimwaga kwenye tangi la maji, vipande vya chupa vinazama na vya kizibo vinaelea. Maji yanafanya kazi ya kisu. Aliyechagua kizibo hicho amemsaidia mchakataji kwa bure kabisa. Ulaya wamekwenda mbele kidogo: tangu Julai 2024 kizibo lazima kibaki kimeshikamana na chupa, na watu wanalalamika kwamba kinawagusa pua wakinywa. Walalamike. Kizibo kilichoshikamana kinarudi pamoja na chupa yake.

Tatizo kubwa ni plastiki namba 3, PVC, inayotumika kwenye baadhi ya lebo na zile ngozi za kubana shingo ya chupa. Hii ni nzito kama PET, inazama nayo, kwa hiyo tangi la maji halisaidii. PET huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 250. Kwa joto hilo PVC imeshaanza kuoza na kutoa asidi, na asidi hiyo inaharibu zigo zima na kuliacha na manjano. Kiasi kidogo sana kinatosha. Wachambuaji wenye uzoefu huitambua kwa kuikunja, kwani huacha mstari mweupe kwenye mkunjo. Wengine hugusisha waya wa shaba uliopashwa moto halafu huutia kwenye mwali: mwali ukiwa wa kijani, hiyo ni PVC. Maabara nzima iko kichwani mwa mtu anayelipwa kwa kilo.

Rundo la tatu nililiulizia mwisho. Ni chupa zilizovishwa soksi ya plastiki kuanzia shingoni hadi kitakoni, zile za vinywaji vya kuongeza nguvu na mtindi. Ndani chupa ni nyeupe safi. Nje soksi ni ya plastiki nyingine, imebana, na ukitaka kuitoa unapoteza muda ambao ungechambua makopo kumi. Hakuna mtu anayelinunua rundo hilo. Lipo tu, siku likijaa sana linakwenda dampo.

Mtu wa Mwanza hahitaji kitabu kuelewa hili. Sangara akifika kiwandani, minofu inakwenda Ulaya, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yanakaangwa mitaani, mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni, yanasakwa na wanunuzi wa soko la China kwa bei inayoipita mbali nyama yenyewe. Karibu kila kiungo kina mnunuzi wake, kwa sababu kila kiungo kinatoka kwa kisu kimoja, safi, bila kubeba kingine. Sasa fikiria sangara ambaye bondo limegandishwa kwenye minofu kwa gundi na ngozi imeshonwa kwenye mfupa. Huyo angeoza Mwaloni bila kuulizwa bei. Pakiti ndogo za sabuni, juisi na biskuti ndivyo zilivyo: tabaka la plastiki, tabaka la alumini, tabaka jingine la plastiki, vimebanwa kiasi kwamba hakuna kisu wala tangi la kuvitenganisha. Sina la kuongeza juu ya pakiti hizo zaidi ya kusema kwamba hakuna mradi wa ukusanyaji utakaozipa bei.

Kuna anayeniambia serikali haiwezi kuingia kwenye chumba cha mchoraji wa chupa. Imeshaingia. Machi 2017 pombe za viroba, zile za vifuko vidogo vya plastiki, zilipigwa marufuku. Juni 2019 ikafuata mifuko ya plastiki. Na jambo lisilosemwa sana ni kanuni za 2022, zilizokataza pamoja na mifuko hata zile lakiri za plastiki za kwenye vizibo vya chupa. Hilo dogo mimi ndilo ninalolipenda zaidi. Marufuku ya mfuko ilisema kitu hiki kisiwepo. Ile ya lakiri ilisema chupa iwepo, ila umbo lake libadilike. Ni mara moja sheria yetu iligusa mchoro wenyewe. Mlango ulishafunguka, na ningetarajia waingie na lebo, rangi na soksi.

Lakini mchoro mzuri peke yake hautoshi, na hapa ndipo mazungumzo mengi ya urejelezaji yanapoishiwa pumzi. Kopo la nusu lita lina uzito wa gramu 10 hadi 20. Kilo moja inataka makopo kati ya 50 na 100, yaani asubuhi nzima ya kuinama. Ukiyapakia bila kuyashindilia, lori la tani 30 litajaa hewa kabla halijafikisha hata tani tano. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na hewa nayo inalipiwa nauli. Kwa hiyo mwenye mashine ya kushindilia marobota ndiye mwenye sauti, asiye nayo anamuuzia yeye kwa bei anayotaka yeye. Bei hiyo nayo hufuata mafuta ya dunia: mafuta ghafi yakishuka, plastiki mpya inakuwa rahisi, na kiwanda hakioni sababu ya kununua kuukuu. Vita au amani ya nchi ambayo mama wa Mabatini hajawahi kuisikia inaamua kama jioni atanunua dagaa au mchicha.

Wakati huo huo, lori la kiwanda cha vinywaji limekwenda Magu, Misungwi, Sengerema. Limeshusha katoni za makopo. Kreti tupu zimepanda, sawa, lakini zile katoni hazina mrithi, sehemu yake ndani ya lori inarudi wazi. Njia ya kurudi ipo, dereva analipwa, dizeli inaungua. Hakuna anayepakia robota kwa sababu hakuna hesabu ya kiwanda inayolihitaji. Visiwani ni vibaya zaidi: kopo likifika Ukara limefika, boti itakayolirudisha haina sababu ya kulichukua, na ziwa liko hatua chache. Mwaka 2016 mtafiti Francis Biginagwa na wenzake walichapisha utafiti wa sangara na sato walionunuliwa hapa Mwanza, 20 kwa kila aina. Katika moja ya tano ya samaki wa kila aina walithibitisha plastiki tumboni, zikiwemo polithini na polista, malighafi za mifuko, vifungashio na nguo. Samaki hao tunakula sisi, na wengine tunawauza nje.

Ukitaka kuona kitu ambacho hurudi bila kuhubiriwa, nenda kwa wavuvi wa dagaa. Zamani waliwasha karabai, sasa wengi wanatumia taa za umeme na betri za gari. Betri hizo zikifa, hakuna anayezitupa ziwani. Ndani kuna madini ya risasi, na risasi ina bei. Mchoro wake pia ni rahisi: kasha la plastiki ya aina moja, sahani za risasi, asidi. Unavunja, unatenga. Basi je, tufurahi? Hapana. Betri hurudi kwa nani? Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha risasi kwenye damu za watoto wa mtaa, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Bei huvuta kitu kirudi. Haichagui kirudi kwenye mikono gani. Na zile taa ndogo za sola zenye betri ya lithiamu iliyogandishwa ndani kwa gundi hazirudi kabisa, kwa sababu hata fundi simu wa mtaa wa Rufiji hawezi kuzifungua bila kuzivunja.

Kwa hiyo nani alipe? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliiweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa. Maana yake Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela wanapokea mwisho wa maamuzi ambayo hawakushirikishwa mwanzoni. Mwaka 1990 msomi Thomas Lindhqvist wa Sweden aliligeuza swali hilo: aliyetengeneza abaki na wajibu mpaka bidhaa inapokufa. Hoja yake haikuwa kumwadhibu mwenye kiwanda. Ilikuwa kwamba yeye peke yake ndiye anayeweza kubadili mchoro, na atabadili siku gharama ya mchoro mbaya itakapomrudia. Kenya imeuandika wajibu huo kwenye sheria yake ya taka ya 2022. Ujerumani tangu 2003 inatoza senti 25 za yuro kwa chupa nyingi za plastiki na makopo ya bati, unarudishiwa ukileta tupu, na zaidi ya tisa katika kila kumi hurudi. Ni hela ya chupa ile ile ya Kirumba.

Hiyo ndiyo ninayoitaka hapa, na ninaitaka katika muundo fulani. Ada ya mzalishaji isiwe sawa kwa wote: chupa nyeupe, lebo inayotoka, kizibo kinachoelea, walipe kidogo. Soksi na rangi walipe mpaka idara ya masoko ianze kuuliza maswali. Hela ya kopo irudishwe kwa kopo, siyo kwa kilo. Hapo mtoto wa shule atalibeba, na mwokota makopo hatahitaji makopo 70 ili apate bei ya kilo moja.

Nitaambiwa maji yatapanda bei. Yatapanda kidogo, na ukirudisha kopo hela yako inarudi. Gharama ya sasa hairudi: unalipa ada ya taka, kisha Mirongo unaziba na maji yanaingia ndani Mabatini, kisha unanunua godoro jipya. Pingamizi lenye uzito ni jingine. Viwanda vya maji ni vingi, vingine vidogo, na kopo la kimoja litarudishwa duka linalouza la kingine. Kreti ilifanikiwa kwa sababu wamiliki wa soda ni wachache. Kwa makopo itabidi wazalishaji wawe na mfuko mmoja na alama moja kwenye chupa, na washindani kukubaliana hesabu ni kazi ngumu kuliko kutunga kanuni. Pia mfumo ukija na mashine na zabuni, mama wa kisu anaweza kujikuta nje ya uzio akitazama kazi yake ikifanywa na kampuni. Aandikwe ndani ya mfumo tangu siku ya kwanza, maana utaalamu wa kuutambua mkunjo mweupe anao yeye.

Kabla sijaondoka pale uwanjani nilimuuliza, kama wale wanaochora chupa wangekuja wakakaa hapa kwenye ndoo, angewaambia nini. Nilitegemea aseme bei. Alikuwa anavuta lebo iliyokatika vipande, kidole gumba kimenata, akakipangusa kwenye khanga.

"Gundi, mwanangu. Wapunguze gundi."